Walinisamehe Kama Maiti

Walisema sitafika hata Mkoani. Walisema nikifika Mkoani nitaiona meli, na nikiiona meli nitamkumbuka mama na kugeuza. Walisema nikipanda nitatapika mpaka Unguja, na kutoka Unguja nitarudi na meli hiyohiyo, nimekonda. Wale wenye elimu kidogo, yaani waliojua kusoma kitabu cha nyimbo bila kufuata mstari kwa kidole, walisema mtoto wa mchuma karafuu hana kichwa cha hesabu za chuo. Wengine walikubali kwamba huenda nikafika, lakini huko bara nitaoa mwanamke mwenye meno yaliyochongwa na kumsahau Mungu. Waliosema hivyo walikuwa wajukuu wa watu wenye meno yaliyochongwa.

Diploma yangu ya ujenzi nimeitundika ukutani mahali ambapo mgeni akiketi hana pengine pa kutazama. Imepigwa mhuri na imetiwa sahihi. Hakuna mtu wa shamba letu aliyeipata kabla yangu, na kwa muda mrefu hakuna aliyeipata baada yangu. Nasema hivyo mapema ili msomaji ajue anaongea na nani.

Nilizaliwa kwenye shamba la misheni, si mbali na Chake Chake. Misheni ilinunua shamba lile la mikarafuu zamani na kuwakalisha humo Wakristo waliotoka bara, babu zetu, ambao walikuja kisiwani kuchuma karafuu za watu. Pande zote majirani zetu walikuwa Waislamu, wenyeji wa Pemba tangu hapo, na tuliishi nao vizuri. Tuliazimana kinu na ngazi, tukazikana. Ndani ya shamba mambo yalikuwa na utaratibu wake. Kijana akipata umri wa kuoa, wazee wa kanisa walimpa kiwanja cha nyumba na mikarafuu ya kutunza. Alichuma, akaanika, akagawana na misheni, akazaa, akazeeka, akazikwa nyuma ya kanisa. Kiwanja kilitolewa mara moja tu. Ukikikataa anapewa mwingine, na wewe huna tena mahali.

Watu walilipenda jambo hilo kuliko Injili. Kila Jumapili tuliimba kwamba tumeacha yote tumfuate Bwana, na baada ya ibada kila mmoja alikwenda kutazama mikarafuu yake kama bado iko palepale. Mzee wa kanisa, ambaye ndiye aliyegawa viwanja na ndiye aliyehubiri padri asipokuwapo, alimpenda sana Ibrahimu. Alimhubiri kama mtu anayesimulia habari za mjomba wake tajiri. Ibrahimu aliambiwa atoke, akatoka! Alipiga kofi mimbarini na watu wakaitikia. Mzee mwenyewe alikuwa hajawahi kulala nje ya shamba, ila mara moja alipong'olewa jino Chake.

Mimi Mungu hakuniita kwa ndoto wala kwa sauti. Nilikuwa juu ya mkarafuu wakati wa msimu, nimejifunga kamba, pakacha limejaa nusu. Baba yangu alikufa kwa kuanguka kutoka kwenye mti kama ule, na watu walidhani ndiyo maana nilipanda polepole. Siku ile niliangalia chini nikaona maisha yangu yote kwa mkupuo mmoja: kiwanja nilichokuwa nitapewa, majamvi ya kuanikia, paa la bati la kanisa, na nyuma yake makaburi. Ungeweza kutupa jiwe kutoka mwanzo hadi mwisho wake. Nilishikwa na hofu kubwa kuliko ya kuanguka. Nikamwambia Mungu, kwa maneno machache kwa sababu mikono ilikuwa na kazi: ukinitoa, nitatoka.

Haukupita muda padri akatangaza kwamba chuo kimoja bara, milimani, kinapokea vijana wa kujifunza ujenzi kwa miaka mitatu. Kulikuwa na mtihani. Tuliufanya vijana kadhaa kwenye chumba cha darasa, na nilifaulu peke yangu. Mzee wa kanisa akaniita barazani kwake.

"Kijana, msimu huu ndio zamu yako ya kiwanja," akasema. "Kile kilichokuwa cha marehemu baba yako. Nimekulindia."

"Ahsante, mzee. Lakini naenda chuo."

"Nani kakwambia uchague? Kaa, oa, chuma. Mungu ameshakupa."

"Ibrahimu naye alikuwa na kiwanja," nikamwambia.

Alinitazama kama nimemvua kofia. "Ibrahimu alisikia sauti ya Mungu," akasema. "Wewe umesikia ya padri."

Mama alikuwa akipasua kuni nilipomweleza. Hakuacha kupasua. "Nenda," akasema. "Ukibaki utapanda mti kama baba yako, na utashuka kama baba yako." Mama hakuhubiri hata siku moja maishani mwake, na mahubiri yote niliyoyasikia kabla na baada ya hapo yalikuwa marefu mno.

Nauli chuo kilitoa. Vitu sikuwa navyo, kwa hiyo nikaazima. Mzee wa kanisa, ili asionekane mchoyo mbele ya padri, aliniazima koti lake la sufu, lililokuja kwenye marobota ya nguo kutoka Ulaya na ambalo alilivaa Krismasi tu, akitoka jasho kama anayeungama. Fundi viatu wa shamba aliniazima jozi ya viatu iliyokuwa dirishani kwake bila mnunuzi. Mwalimu wa kwaya aliniazima blanketi. Sanduku la bati, la kutilia vyote hivyo, niliazimwa na Bi Mkubwa.

Bi Mkubwa alikuwa jirani yetu Mwislamu, mjane, nyumba yake ya udongo ilikuwa pembeni mwa njia ya kwendea Chake. Alioka mikate ya mofa na kuiuza sokoni, na kuni alinunua kwa mama. Nilipomwomba sanduku hakuniuliza la nini. Alilivuta kutoka chini ya kitanda akatoa vitu vyake mbele yangu: kanga, kichupa cha mafuta, na mwisho kitambaa cheupe kilichokunjwa vizuri. Ilikuwa sanda yake. Vikongwe wengi wa kwetu waliweka sanda zao tayari hivyo, wasije wakasumbua watu. Alizitia kanga kwenye mfuko wa gunia, lakini sanda aliitia kwenye kikapu akakitundika juu darini.

"Panya wakiitafuna," akasema, "utaniletea nyingine. Na uje kabla sijaihitaji. Mie sitaki kuzikwa na sanda ya kikapuni."

"Nitakuja, Bi Mkubwa."

"Sikukuuliza. N'nakwambia."

Jumapili ya mwisho kanisa lilinifanyia ibada ya kuniaga. Waliimba, wakaniombea, na hadi hapo sikuwa na neno. Kisha mzee wa kanisa akasimama.

Kisiwani kwetu kuna desturi ambayo sisi Wakristo wa shamba tuliichukua kwa majirani zetu. Maiti akiwa tayari kuzikwa, mtu wa ukoo husimama na kusema: anayemdai marehemu ajitokeze, tumlipe, au amsamehe. Watu hujibu kwamba wamesamehe, na maiti huenda kaburini bila deni. Ni desturi nzuri sana kwa maiti.

"Ndugu zangu," mzee akasema, "kijana wetu huyu anasafiri safari ndefu. Bara ni bara. Nisiseme mengi. Ameazima vitu vya watu. Mimi kwa upande wangu, koti nimemsamehe."

Watu wakatazamana, wakapima kama wamesikia sawasawa. Kisha fundi viatu, kutoka benchi la nyuma: "Na mimi viatu nimesamehe!"

"Blanketi nalo," akasema mwalimu wa kwaya. "Mungu ampokee. Yaani, ampeleke salama."

Watu wakacheka, halafu wakaziba midomo kwa kuwa walikuwa kanisani. Mama hakucheka. Mimi nilikuwa nimesimama mbele, nimevaa koti lililosamehewa na viatu vilivyosamehewa, na nikajiona nimelazwa pale mbele ya madhabahu na pamba puani.

"Mnanizika?" nikauliza.

"Tunakupunguzia mzigo, mwanangu," akasema mzee. "Ukirudi, umerudi. Usiporudi, hudaiwi."

Nimeishi na watu wengi tangu siku ile, wakiwamo wezi wa saruji, na sijaona matusi yaliyofungwa vizuri kama yale. Watu waliopiga makofi kwa ajili ya Ibrahimu waliona kijana mmoja wa kwao anatoka, na jambo la kwanza lililowajia ni kumfutia madeni kama marehemu. Walimwamini Mungu awezaye kugawa bahari, lakini si Mungu awezaye kurudisha koti.

Jioni nilikwenda kumuaga Bi Mkubwa. Habari ilikuwa imeshamfikia, maana kwetu habari haingoji miguu ya mtu. Alikuwa ameketi kizingitini anachambua mtama.

"Nasikia kanisani wamekusamehe."

"Ndiyo, Bi Mkubwa."

"Kwani umekufa?"

"Sijafa."

"Basi mie sikusamehe ng'o," akasema. "Sanduku langu nnalitaka. Nabii Ibrahimu aliambiwa toka, akatoka, na Mola alijua alikompeleka. Weye Mola hajui unakokwenda? Ndipo mimi nikusamehe? Nikukate na tamaa?" Alinitupia punje ya mtama. "Hebu ondoka, utakosa gari la Mkoani. Na kifuniko usikikalie, kitapinda."

Nilikwenda na baraka ya padri, ya kanisa zima na ya kwaya. Iliyonisaidia ni ile ya kudaiwa.

Melini nilitapika. Hapo walipata moja.

Chuoni kulikuwa na baridi ya kutoa machozi na ugali mara mbili kwa siku. Wenzangu walikuwa watoto wa walimu na wa makarani. Waliposikia ninavyosema wakacheka, na waliposikia nimetoka Pemba wakacheka zaidi, kwa sababu bara zima linaamini kwamba Wapemba wote ni wachawi.

"Wewe Mpemba, ulikuja kwa meli au kwa ungo?"

"Kwa meli. Ungo ulijaa, shangazi yako alikalia nafasi yangu."

Baada ya hapo waliniacha. Lakini hesabu hazikuniacha. Katika mtihani wa kwanza nilishindwa vibaya, na wiki hiyohiyo homa ikanilaza. Nikiwa kitandani, koti mwilini na blanketi juu yake, akaja mtu wa shamba letu. Alikuwa akifanya kazi bandarini Dar es Salaam na alikuwa amepanda milimani kumtembelea ndugu yake. Hakukuwa na kiti, akakaa juu ya sanduku la Bi Mkubwa akaanza kulipiga kwa visigino.

"Mzee anakusalimu," akasema. "Amesema kiwanja chako bado hakijapewa mtu. Rudi sasa, hakuna atakayekucheka. Waliposamehe wamesamehe. Hata vitu huna haja ya kurudisha."

Alisema kwa upole, na ndiyo maana ilikuwa hatari. Nilikuwa nimeshindwa mtihani, mwili unawaka, na mlango nyuma yangu bado uko wazi. Ningerudi ningekuwa na nyumba, mikarafuu, na mke mwenye sauti nzuri ya kwaya. Nisingedaiwa na mtu yeyote duniani. Kisha nikaona kifuniko cha sanduku kinaanza kubonyea chini ya makalio yake.

"Ondoka hapo," nikamwambia. "Hilo ni sanduku la mtu."

"La nani? Si wamesamehe?"

"Mwenyewe hakusamehe."

Akasimama, akashangaa. Nikamwambia amwambie mzee kiwanja ampe mwingine. Alinitazama kama wanavyotazamwa wagonjwa, akaniombea afya, akaondoka na mkate wangu niliokuwa nimeuweka kwa ajili ya jioni.

Nilipobaki peke yangu niliomba, na sala hiyo naikumbuka kwa sababu sikuipamba. Nilisema: sasa nyuma hakuna kitu. Umenitoa wewe. Kule ninadaiwa sanduku na bibi mzee, na sitaki afe kabla sijalirudisha. Yaliyobaki fanya wewe, mimi nitafanya hesabu. Nikapona, nikafanya hesabu. Mwaka wa mwisho michoro yangu ya mapaa ilibandikwa ukutani wanafunzi wapya waige, na wale watoto wa makarani walikuja kwangu usiku na penseli zao, wakiniita ndugu.

Nilirudi Pemba mwanzoni mwa miaka ya sitini, wakati watu wameshaanza kugombana kwa ajili ya vyama hadi wengine hawanunui tena samaki kwa jirani. Safari hiyo sikutapika. Nilipewa kazi katika ofisi ya ujenzi Chake Chake, nikapanga chumba mjini. Kwenye shamba nilikuta kila kitu mahali pake, ila kimechakaa. Kiwanja changu alipewa mkwe wa mzee wa kanisa. Nusu ya mikarafuu yake ilikuwa imekauka kwa ule ugonjwa uliokuwa ukiiua miti kisiwani, na mkwe alikaa chini yake akingoja, sijui alingoja nini. Ukuta wa kanisa ulikuwa na ufa wa kupitisha mkono. Watu walikuwa wameuziba kwa kitambaa cha madhabahu cha zamani, wakaimba mbele yake kwamba wameacha yote.

Niliuliza habari moja tu kabla ya nyingine.

"Yupo," mama akasema. "Ila mofa haoki tena. Miguu."

Sikwenda siku hiyo. Nilingoja mshahara wa kwanza, kwa sababu sikutaka kurudisha vitu nusunusu. Koti lilikuwa limeisha viwiko, viatu vilizikwa bara, blanketi lilikuwa na matundu. Nikanunua koti jipya la sufu, viatu vipya, blanketi jipya. Kila asubuhi kabla ya kazi nilipita shambani kumuuliza mama kama Bi Mkubwa ameamka, na mama akawa ananijibu kwa hasira.

Jumapili iliyofuata nilikwenda kanisani. Ibada ilipokwisha na watu wametoka uani, nikapanda kwenye ngazi ya mlango, mahali ambapo mzee husimama kwenye mazishi, nikasema kwa sauti ya mtu aliyezoea kuwaamrisha mafundi:

"Anayenidai ajitokeze!"

Hakuna aliyejitokeza. Walinitazama viatu.

"Mwanangu," mzee wa kanisa akasema, "shuka. Mambo yale yalikwisha. Tulikusamehe."

"Mlimsamehe maiti, mzee. Mimi nimekuja kwa miguu."

Mtu akacheka nyuma, na mara hii hakuziba mdomo. Nikamwita fundi viatu nikampa viatu. Alivigeuza, akaangalia soli, akasema ni vya kiwandani, kana kwamba hilo ni kosa langu. Mwalimu wa kwaya alichukua blanketi kabla sijamaliza kulifungua. Mzee ndiye aliyekataa.

"Nilichotoa mbele ya Mungu sikirudishi mkononi."

"Hukukitoa. Uliniazima, kisha ukakata tamaa. Mungu umemtia baadaye."

Jua lilikuwa kali na sufu haikuwa nguo ya saa ile, lakini nilimvalisha koti mwenyewe, mkono mmoja kisha wa pili, na hakunizuia. Lilimfika magotini, kwa kuwa alikuwa amepungua. Akalifunga vifungo vyote. Nikamwambia ufa wa kanisa nitauziba mimi, kwa mikono ya mafundi wangu, na safari ijayo amhubiri mtu mwingine, Ibrahimu amechoka. Niliuziba kweli. Ukuta ule umenyooka hadi leo, na ukitaka kujua upi ni wangu, angalia nyingine.

Kutoka hapo nikachukua sanduku kwa mama. Nilikuwa nimenyoosha kifuniko na kulipaka rangi ya kijani. Vibarua wa kubeba mizigo waliniomba, nikawakatalia. Nililiweka kichwani, na tai shingoni, nikapita njia ya Chake mbele ya watu wote. Wanaosema mwenye diploma habebi mzigo kichwani hawajawahi kuwa na diploma wala mzigo.

Bi Mkubwa alikuwa amelala kitandani, mdogo kuliko nilivyomwacha. Alinijua kwa hatua.

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba. Umechelewa." Akajiinua kwa kiwiko. "Liko wapi?"

Nikalishusha mbele yake. Akalipiga kwa kidole kila upande kama inavyopigwa nazi.

"Nani kakwambia ulipake rangi?"

"Kutu, Bi Mkubwa."

"Kutu yangu hiyo." Lakini alilipapasa tena. "Hebu nishushie kikapu."

Nikakishusha kutoka darini. Panya walikuwa wameila sanda pembe moja, kama alivyosema watafanya. Aliniangalia, akingoja. Nikafungua sanduku. Ndani nilikuwa nimeweka bafta nyeupe, jora zima, niliyoinunua Dar es Salaam siku niliyopanda meli kurudi. Alivuta ncha, akapima kwa mkono wake kutoka kidoleni hadi kiwikoni, mara nyingi, polepole, midomo ikihesabu.

"Yatosha," akasema. "Hata nikinenepa."

Aliikunja mwenyewe, hakutaka nimsaidie. Ile iliyotafunwa akanipa nimpelekee mama, afanye matambara. Kanga zake akazirudisha, kichupa cha mafuta akakirudisha, sanda akaiweka juu kabisa, pa kufikika upesi. Akafunga, na ufunguo akaufunga kwenye pindo la kanga aliyovaa. Ndipo akalala tena, amechoka, ameridhika, akanitazama kuanzia tai hadi viatu.

"Haya," akasema. "Sasa hatudaiani. Ukitaka kufa, kufa."